Wiki mbili za kwanza na mashine ya pumzi: kwa wanaoanza kazi Lubumbashi

Mgonjwa wa apnea ya usingizi (pumzi hukatikakatika akiwa amelala) anayerudisha mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa presha kupitia maski (kwenye karatasi zetu, kwa Kifaransa, PPC), kwa kawaida husema neno moja: "Inanisumbua." Usianze kumhubiria jinsi ugonjwa huo unavyoumiza moyo, daktari alishamweleza. Muulize inamsumbua wapi, na usingoje tarehe ya kurudi: mpigie simu siku ya tatu. Mazoea ya wiki mbili za kwanza ndiyo hudumu.

Mara nyingi ni maski. Ukiipima mgonjwa ameketi na mashine imezimwa, umepima uso mwingine. Mlaze chali, washa hewa kwa presha yake, kisha ageuke ubavu. Ikivuja, mkono wake utakwenda kwenye kamba kuzikaza. Silikoni, ile sehemu laini ya maski, itakunjamana, itavuja zaidi, na asubuhi ataamka na kidonda juu ya pua. Legeza kamba, inua maski kidogo hewa ikitoka, iache ijae, irudishe. Ulizia pia mafuta: aliyejipaka vaselini au glisirini jioni, maski itateleza hata ikiwa saizi yake. Mama mwenye misuko apimwe kamba upya kila akibadilisha msuko.

Papa mwenye mwili mkubwa akisema anakosa hewa, angalia presha ya kuanzia. Nyingi huanzia sentimita 4 za maji, na kwake hiyo ni kidogo mno. Mwombe daktari aruhusu 5 au 6. Mwenye hofu ya kufunikwa uso aishike maski kwa mkono mchana, bila kamba, dakika 15 hadi 20 akitazama televisheni. Kamba baadaye, kulala nayo mwisho. Mdomo ukikauka, chunguza pua iliyoziba kabla ya kubadilisha maski.

Juni na Julai usiku ni baridi: mvuke hugeuka maji ndani ya bomba, linakoroma, na matone humfikia puani. Punguza kipasha maji (kile kinachotia mvuke kwenye hewa), visha bomba kitambaa, weka mashine chini kuliko kichwa. Vumbi la kiangazi nalo linataka filta ikaguliwe kila wiki. Ile nyeupe nyembamba haifuliwi, inabadilishwa.

Umeme ndio unaoturudisha nyuma kuliko vyote. Bila kipasha maji, mashine nyingi hula kama wati 30, yaani saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya risasi ya volti 12, ampea-saa 100, ina 1,200. Usitumie zaidi ya nusu, hivyo unapata usiku mbili. Kipasha maji kikiwaka, huenda usifike hata hapo. Tafuta kigeuzi cha DC kinachofaa mashine hiyo, maana nyingi zinataka volti 24. Jenereta ikae mbali na dirisha: mashine humpulizia mgonjwa hewa ileile ya chumba, pamoja na moshi wake.

Ukisoma kadi ya mashine, inayoandika saa za matumizi za kila usiku, usiridhike na wastani. Saa 4 zinaweza kuwa usiku mmoja wa 8 na mwingine sifuri: hapo uliza umeme. Zikiwa 4 kila usiku, maski inavuliwa katikati ya usingizi, na kwa wengi pumzi hukatika zaidi saa za kuelekea alfajiri, ndoto zinapozidi. Huyo bado anaumwa, hata kama wastani wake unaonekana mzuri.