Pikipiki kukulalia ukigeuza au ukisimama: angalia mkono wa kulia kwanza

Kwa aliyeuliza kwa nini pikipiki inamlalia kila anapogeuza au kusimama, ilhali kwenye mwendo wa 80 hana tabu: uzito wa chombo unasingiziwa tu. Pikipiki ikishakolea mwendo hujisimamia yenyewe. Ikishuka chini ya kilomita 15 au 20 kwa saa, anayeisimamisha ni wewe.

Mkosaji mkuu ni breki ya mbele. Usukani ukiwa umenyooka, ukibana breki hiyo shoki za mbele zinazama na chombo kinasimama wima. Usukani ukiwa umekunjwa, tairi la mbele linagoma huku uzito wote bado unasukuma kwenda mbele, na pikipiki inaangukia upande ule uliokunjia. Mguu haupati hata muda wa kufika chini. Kwa hiyo ukiwa kwenye mwendo wa kutembea, vidole vya mkono wa kulia vikae kwenye mpini, visiwe juu ya breki. Punguza kwa breki ya nyuma. Na kabla ya kusimama kabisa, nyoosha usukani kwanza.

Mkosaji wa pili ni kuachia mafuta katikati ya kona. Injini ikizima au nguvu ikikatika, hakuna tena kinachoinua pikipiki, inalala. Dawa ni klachi. Weka gia ya kwanza, achia klachi polepole mpaka ianze kushika: mlio wa injini unashuka kidogo na chombo kinataka kuondoka. Hapo ndipo pa kufanyia kazi. Ongeza mafuta kidogo, yakae palepale bila kuchezacheza, kanyaga breki ya nyuma kidogo sana, kisha ongoza mwendo kwa klachi peke yake, milimita chache kwenda na kurudi. Klachi nyingi zinazozunguka ndani ya oili zinavumilia hali hii kwa dakika kadhaa. Ile kavu inachemka upesi, ipe mapumziko. Skuta haina mkono wa klachi, basi usifunge mafuta kabisa. Izuie kwa breki ya nyuma.

Macho nayo yana kazi. Ukitazama kokoto au ukingo wa barabara, utaenda hapohapo. Geuza kichwa mpaka uone unakotokea. Kwenye kona ya kubana sana, acha pikipiki ilale ndani, mwili wako ubaki wima au uegemee nje kidogo.

Kabla hujajilaumu, kagua chombo. Mkono wa klachi kwenye pikipiki nyingi ndogo unatakiwa kucheza milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla haujaanza kuvuta (kitabu cha chombo chako ndicho kinachoamua). Waya uliokauka hushika kwa kushtuka. Upepo ukipungua tairi la mbele, usukani unakuwa mzito. Beringi za usukani zikikazwa kupita kiasi, pikipiki inayumba ukienda polepole, na wengi hudhani ni woga wao.

Kusimama: mguu wa kushoto chini, wa kulia ubaki kwenye breki. Barabara ikiwa imeinamia upande mmoja, weka chini mguu wa upande ulioinuka. Upande wa bonde mguu haufiki. Abiria asipande wala kushuka kabla hujamwambia, ukiwa na miguu yote miwili chini na breki imebanwa.

Kuegesha ndiko kunakoangusha wengi bila hata mwendo. Ukiegesha pua ikitazama bondeni, pikipiki inasogea na stendi inajikunja. Igeuze itazame mlima, iache kwenye gia ya kwanza. Ardhi laini, weka jiwe bapa chini ya stendi.

Pikipiki ikishalala kupita kiasi cha kuishikilia, iachie, toa mguu. Kung'ang'ana nayo kunaumiza mgongo na goti. Ukiinua, zima injini, funga koki ya mafuta kama ipo, iweke kwenye gia isiteleze, na kama imelalia kulia fungua stendi kwanza isije ikaangukia upande wa pili.