Kauli zilizoandaliwa (prepared statements, yaani amri ambazo hifadhidata huzichambua mapema ili zirudiwe kwa thamani tofauti): maswali yenu ya wiki hii

*Shikamoo kaka. Programu yetu ya Java inaongea na hifadhidata ya PostgreSQL kupitia PgBouncer, programu ya katikati inayogawa miunganisho. Kwiri (ombi kwa hifadhidata) ikianza inakwenda vizuri, ikirudiwa mara kadhaa inalalamika kwamba kauli "S_1" haipo. Tatizo ni nini? (Nyakato)*

Marahaba. Draiva ya Java (kipande kinachoiunganisha programu na hifadhidata) ina kipimo kiitwacho prepareThreshold, na kwa kawaida ni 5. Kauli ikifika mara ya tano, draiva inaiomba seva iitunze kwa jina. Jina hilo linajulikana kwenye muunganisho ule ule tu, na PgBouncer ikigawa miunganisho kwa kila muamala (kundi la amri zinazotekelezwa kama moja), muamala unaofuata unaweza kuangukia kwingine. Ni sawa na kuacha oda ya sangara kwa muuzaji wa meza hii, halafu ukaidai meza ya pili.

Tumia PgBouncer 1.21 ya mwaka 2023 au ya baadaye, na mpangilio wake wa max_prepared_statements uwe zaidi ya sifuri, ili ikumbuke kauli hizo. Kama huwezi kuipandisha, weka prepareThreshold=0, draiva isiombe kutunziwa kauli kwa jina. Usihofu, parameta (thamani zinazojazwa kwenye kwiri) bado zinasafiri mbali na maandishi ya kwiri, kwa hiyo hakuna atakayepenyeza amri zake kupitia fomu.

*Ripoti ya dagaa kwa mwalo wa Ukara ilikuwa ya haraka, sasa inasuasua. Data ni ile ile. (Kirumba)*

Swali hili nimelipenda, maana wengi hukimbilia kulaumu seva. Jedwali lako lina mialo minne mitano, na karibu safu zote (mistari ya data) ni za Kirumba. Kwa kauli iliyoandaliwa, mara tano za kwanza PostgreSQL hupanga njia kwa kutazama thamani uliyoleta. Zikiwa zote ni za Kirumba, njia nafuu ni kusoma jedwali zima. Baada ya hapo inalinganisha gharama za mipango hiyo na ya mpango wa jumla, usiotazama thamani; wa jumla usipozidi, inaushika huo. Ukara ikiulizwa, nayo inasomewa jedwali zima kwa ajili ya safu chache, faharasa (index, ya kutafutia haraka) ipo na haiguswi.

Hakikisha kwa amri ya EXPLAIN EXECUTE, inayoonyesha njia iliyopangwa. Ukiona mwalo = $1 badala ya mwalo = 'Ukara', huo ndio mpango wa jumla. Tangu toleo la 12 la PostgreSQL kuna plan_cache_mode, mpangilio wa kuchagua aina ya mpango. Ndani ya muamala wa ripoti hiyo andika:

SET LOCAL plan_cache_mode = force_custom_plan;

Usiiweke kwa seva nzima. Kwiri fupi zinazopigwa maelfu ya mara zitalipa gharama ya kupangiwa upya bila faida.

*Natumia MySQL na Java. Je, kauli zangu zinaandaliwa kwenye seva? (Nansio)*

Hapana, mpaka uwashe useServerPrepStmts. Bila hiyo draiva yenyewe hujaza thamani kwa usalama. Ukiiwasha, washa na cachePrepStmts, inayotunza kauli zilizokwisha kuandaliwa, la sivyo kila mara utalipia safari ya ziada ya kuandaa.

*Naweza kuweka jina la jedwali mahali pa alama ya kuuliza (?) kwenye kwiri? (Igoma)*

Huwezi, hapo hukaa thamani tu. Tengeneza orodha ya majedwali yanayoruhusiwa ndani ya programu, mtumiaji achague humo.