Waliopinga barabara ya Serengeti hawakulala kwenye foleni ya Samunge

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama waliopinga barabara kuu ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti walilitendea haki taifa. Mimi ni mzaliwa wa Mugumu, mji ulio magharibi mwa hifadhi hiyo, na kwa miaka mingi nimekuwa nikijibu, hata pale nisipoulizwa, kwamba hawakututendea haki. Hata hivyo naona kuna swali lililopaswa kutangulia: kati ya wote waliopinga, ni nani aliyewahi kuihitaji barabara hiyo?

Mnakumbuka mwaka 2010. Barabara ilikuwa itoke Natta, ipite Mugumu, Tabora B, lango la Klein's na Loliondo hadi Mto wa Mbu, na katika urefu huo wote ni kilomita 53 tu zilizokuwa ndani ya hifadhi. Kelele zilitoka Nairobi, Ulaya na Marekani, na kwa hapa kwetu zilitoka zaidi kwa wenye biashara ya utalii. Walisema malori ya mizigo ya Kanda ya Ziwa yangekata njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja, ambao kila kiangazi huenda kuufuata Mto Mara kwa kuwa ndio usiokauka. Sikuwahi kuikataa hoja hiyo. Kilichoniudhi ni kwamba sisi wa Mugumu, tukitaka kufika Arusha, ama tunapita Seronera na Ngorongoro na kulipa viingilio ndani ya nchi yetu wenyewe, ama tunazunguka kupitia Singida, na gharama hiyo haikuwamo katika hesabu za yeyote aliyeandika kuwatetea nyumbu.

Machi 2011 tulimpeleka baba kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa Babu, yule mchungaji mstaafu aliyekuwa akiwanywesha wagonjwa dawa ya kikombe. Sina haja ya kueleza zaidi habari za Babu wala za kikombe chake cha shilingi 500, na sitaki kubishana hapa kuhusu dawa. Baba alikuwa na sukari, mguu ulikuwa umeanza kuharibika, na wazee wenzake walikuwa wamekwisha kwenda. Tulikodi Land Rover, tukawa sita pamoja na mama, tukaingia kwa lango la Tabora B mchana. Askari akamwambia dereva mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Baada ya muda mfupi tulinasa kwenye korongo, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha usiku, na tulikaa pale zaidi ya saa moja tukikata matawi na kuyasukumiza chini ya magurudumu. Baba, ambaye hakuweza kushuka, alijipa kazi ya kuhesabu magari yaliyotupita. Yalikuwa 31. Baadhi yalikuwa yamebeba wagonjwa wamelazwa kwenye magodoro, na hakuna hata moja lililosimama kutuvuta, jambo ambalo sikulaumu wakati ule wala silaumu sasa, kwa sababu lango hufungwa saa kumi na mbili jioni na kila mmoja alikuwa na mgonjwa wake.

Tulipojinasua dereva aliusahau ule mwendo wa 50, nasi hatukumkumbusha. Nyumbu hawakuwapo, maana mwezi huo huwa kusini na ndama wao, na nakumbuka nilisema kwa kejeli kwamba hao wanyama wa kuzuia barabara mbona hawaonekani. Karibu na Bologonja gari la mbele yetu lilimgonga nyamera aliyekuwa na mtoto. Halikusimama. Nyamera alikuwa bado anajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele, na mtoto alikuwa amesimama katikati ya njia akitutazama, ikabidi dereva amzunguke kwa kupanda nyasi. Baba akasema tusimame tummalize asiteseke. Dereva akajibu, “Mzee, lango.” Tukaendelea, tukalipita lango zikiwa zimesalia dakika chache, na usiku huo na miwili iliyofuata tulilala kwenye foleni ya Samunge, ambako watu walifariki ndani ya magari wakisubiri zamu. Siku ya kurudi baba alimwomba dereva apunguze mwendo pale Bologonja. Tulikuta mifupa ya mkubwa, mtoto hatukumwona.

Nilianza kuandika barua hii nikikusudia kuutumia msafara ule kuonyesha jinsi ukosefu wa barabara unavyotutesa, na kweli unatutesa. Lakini ninapozihesabu upya zile gari 31 naona zilikuwa za wagonjwa na ndugu zao, kwenye tope, kwa siku moja, katika mwezi ambao nyumbu hawapo. Lori la mizigo lenye ratiba ya bandari, juu ya lami, usiku, mwezi wa Agosti, lisingekuwa na subira kuliko sisi. Mikumi, hifadhi nyingine iliyokatizwa na barabara kuu ya lami, wana matuta na mbao za faini, na bado ukipita asubuhi utakuta mizoga.

Kwa hiyo, nikilazimishwa kupiga kura, nitaunga mkono hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya Juni 2014 iliyozuia lami katika kipande kile cha ndani ya hifadhi, ingawa kesi yenyewe ilifunguliwa na shirika la Nairobi na ingawa hukumu hiyo niliwahi kuitukana hadharani. Nitapiga kura hiyo kwa masharti. Serikali ilikuwa imekwisha kusema mwaka 2011 kwamba kipande hicho kitabaki cha changarawe. Basi lami ifike haraka kwenye malango ya pande zote mbili, maana hii ya kutoka Makutano kuja kwetu imejengwa vipande vipande kwa zaidi ya miaka 10. Barabara mbadala ya kuzunguka kusini mwa hifadhi, ambayo wafadhili walionyesha nia ya kuisaidia wakati wa mabishano yale, isibaki maneno. Na mgonjwa wa Mugumu asitozwe kiingilio cha mtalii wala cha mwananchi.

Mama bado anadai lami. Alikuwa ndani ya gari lile lile, lakini alikaa upande wa kulia akimshikilia baba mguu, na nyamera hakumwona.

Msomaji, Mugumu