SQL Server ya bure imejaa: maswali yenu kuhusu matoleo, leseni na ukubwa

Mfumo wetu wa mauzo hauhifadhi ankara mpya. Unatoa kosa namba 1105, ilhali diski ina nafasi tele. Tunatumia SQL Server 2019 Express, toleo la bure la programu ya hifadhidata ya Microsoft.

Tatizo si diski. Express ya 2019 inaruhusu MB 10,240 kwa kila hifadhidata, yaani GB 10, na yenu imefika ukomo. Kinachohesabiwa ni jumla ya faili za data, yaani .mdf (kuu) na .ndf (za ziada). Faili la logi (.ldf) halimo, kwa hiyo kulipunguza hakusaidii, wala kuongeza .ndf kwenye diski nyingine.

Chukueni bekapu kamili kwanza. Kisha pimeni majedwali makubwa moja moja kwa amri hii:

EXEC sp_spaceused 'dbo.JinaLaJedwali'

Mara nyingi mlafi ni jedwali linalorekodi matukio ya mfumo, au picha na PDF zilizowekwa ndani ya hifadhidata. Ankara msiziguse. Rekodi za matukio ya zamani zifuteni kwa mafungu ya 4,000. Amri moja ya kufuta (DELETE) ikishika kufuli (vizuizi vya kulinda safu zinazobadilishwa) kama 5,000, SQL Server huweza kufunga jedwali zima na wauzaji wakakwama. Nafasi iliyoachwa itajazwa na data mpya ndani ya faili lilelile. Amri ya kupunguza faili, DBCC SHRINKFILE, haihitajiki hapa, na huvuruga mpangilio wa indeksi.

Bado pamebana? Tangu 2016 SP1, Express inakubali kukandamiza data:

ALTER TABLE dbo.Mauzo REBUILD WITH (DATA_COMPRESSION = PAGE)

Fanyeni hivyo baada ya kufuta, si kabla, kwa sababu jedwali jipya hujengwa kando ya la zamani na linahitaji nafasi. Picha na PDF kubwa hazitapungua kwa njia hii. Zihamishieni kwenye folda na mbakize anwani zake tu.

Tukigawa data kwenye hifadhidata mbili?

Inaruhusiwa, kwa kuwa kikomo ni cha kila hifadhidata. Ila ufunguo wa kigeni (foreign key, unaounganisha majedwali) hauvuki hifadhidata, na bekapu mbili za nyakati tofauti zinaweza kupingana. Afadhali Express ya 2025, ambayo kikomo chake ni GB 50. Jueni tu kwamba hifadhidata ikishapandishwa hadi 2025, bekapu yake hairudishiki kwenye 2019.

Toleo la Developer ni bure na halina kikomo hicho. Kwa nini tusilitumie?

Kwa sababu leseni yake ni ya kutengeneza na kujaribu programu tu. Kuhudumia wateja halisi ni kuivunja.

Toleo la kulipia, Standard: tulipie watumiaji au kori (viini vya prosesa)?

Hesabuni watu. Leseni ya seva pamoja na CAL (leseni ya kila mtumiaji au kifaa) hufaa watumiaji wachache wanaojulikana. Wakiwa hawahesabiki, kama wateja wa tovuti, chukueni ya kori: angalau 4 kwa kila prosesa, nazo huuzwa mbilimbili. Wengi hukosea hapa: watu 40 wanaopitia programu moja yenye akaunti moja ya hifadhidata bado ni watu 40. Kila mmoja, au kifaa chake, anahitaji CAL.

Na PostgreSQL, hifadhidata ya bure isiyo ya Microsoft?

Leseni yake haiweki kikomo cha ukubwa. Jedwali moja hufika TB 32 kwa mipangilio ya kawaida. Gharama iko kwenye kuhama: taratibu zote (stored procedures) zilizoandikwa kwa T-SQL, lugha ya SQL Server, zitaandikwa upya. Oracle ya bure haitawaokoa, kwani huishia GB 12 za data na GB 2 za RAM.