Minosaiklini, kichwa kinauma, masikio yanavuma: USIMALIZE DOZI

Mkuu, kidonge cha jioni usimeze. Unatumia minosaiklini ya chunusi, kichwa kinauma zaidi ukilala au ukiinama, masikio yanavuma kufuata mapigo ya moyo, ukisimama macho yanafifia sekunde chache. Halafu unauliza kama umalize dozi kwanza, na sabuni gani inaondoa madoa! Minosaiklini, doksisaiklini na ukoo mzima wa antibayotiki za tetrasaiklini unaweza kupandisha presha ya maji yanayozunguka ubongo. Presha hiyo hubana neva za macho kwa nyuma, na neva ikishakufa hairudi.

Ila kilichonipandisha hasira ni huo mpango wako wa kwenda kupima miwani tu. Ubao wa herufi unapima katikati ya uoni tu. Ugonjwa huu kwa kawaida huanza kula pembeni, kwa hiyo unaweza kusoma mpaka mstari wa mwisho huku neva zimevimba. Anayekuambia "macho mazima, ni uchovu tu, kunywa dawa ya maumivu" bila kuangalia nyuma ya jicho anacheza kamari, na dau ni macho yako. Mwambie daktari wa macho akutie matone ya kupanua mboni aikague neva, kisha upimwe uwanja wa kuona. Leo, si wiki ijayo. Ukianza kuona vitu viwili viwili, au giza lisiloondoka, nenda dharura moja kwa moja. Najua nitaambiwa natisha watu. Haya, nitukaneni, ilimradi macho yenu bado yanaweza kuisoma skrini.

Neva zikikutwa zimevimba, utapigwa picha ya MRI ya ubongo pamoja na vena zake, maana damu ikiganda humo huleta dalili zilezile. Kisha sindano ya mgongo ya kupima presha ya maji hayo, umelala ubavu: kwa mtu mzima, ikisoma zaidi ya sentimita 25 za maji, presha iko juu. Wengi hupata nafuu dawa ikisimamishwa, wengine huongezewa asetazolamaidi, dawa ya kushusha presha hiyo. Uoni ukizidi kushuka, ni upasuaji.

Hilo la "maliza dozi" kwa chunusi ni kelele tu; chunusi hazijaua mtu. Kama ni maambukizi mengine, daktari akupe dawa ya ukoo tofauti. Kukuhamishia doksisaiklini ni kubadili chumba ndani ya nyumba inayoungua. Na kama kuna aliyekuongezea isotretinoini (dawa nyingine ya chunusi) au vidonge vya vitamini A "ngozi iwahi", mtajie daktari hivyo pia: navyo hupandisha presha hiyohiyo, na havichanganywi kabisa na tetrasaiklini.