Kabla Hujauza Kiwanja kwa Ajili ya Medali ya Binti wa Miaka 13

Simu iliita saa tano usiku, nikadhani kuna msiba. Alikuwa mdogo wangu, yupo Kanada. "Shikamoo dada. Kile kiwanja changu cha Usa River, tukikiuza sasa hivi tutapata kiasi gani?"

Binti yake alikuwa ametimiza miaka 13. Anacheza mchezo wa kuteleza kwenye barafu, ule wa kuruka na kuzunguka kwa muziki, tangu akiwa na miaka sita. Kocha wa mji mwingine alikuwa amewaambia kwamba mtoto akihamia kwake mapema atafika mashindano ya dunia ya vijana. Gharama za mwaka mmoja tu, kodi ya nyumba na ada za mazoezi, zingemeza kiwanja chote.

Arusha hatuna uwanja wa barafu, na mimi sijawahi kuvaa vile viatu. Mdogo wangu aliniuliza kwa sababu anajua yaliyonipata. Nilipokuwa na miaka 14 hapakuwa na msichana shuleni kwetu wala shule za jirani aliyenipita kwenye mita 1500. Nilikuwa mwembamba, mwepesi, na kila mtu aliniambia nitavaa jezi ya taifa. Nilipofika 16 nyonga zikapanuka, kifua kikajaa, na muda wangu ukarudi nyuma sekunde 11. Kocha wangu wa wakati ule akasema ni ugali. Nikaacha ugali, halafu nikaacha chakula cha usiku kabisa. Hedhi ikakatika miezi saba, nami nikafurahi, nikiamini ndiyo mazoezi yamekolea. Asubuhi moja kwenye barabara ya Ngaramtoni nikasikia maumivu kama nimekatwa shoka: mfupa wa ugoko ulikuwa umepata ufa. Nilikaa nje ya michezo miaka kumi na zaidi.

Kwa hiyo mdogo wangu aliposema "miaka 13", niliufikiria ule ugoko. Nikamwomba asiuze chochote kwa wiki tatu. Kila usiku baada ya kufunga duka nilikaa na simu, nikitazama mashindano na kusoma matokeo ya miaka ya nyuma. Niliyoyakuta nayaandika hapa, maana najua wazazi wengi wa hapa Arusha na Moshi wenye mabinti wanaokimbia, wanaoogelea, wanaocheza tenisi, wamesimama mahali alipokuwa amesimama mdogo wangu.

Kwenye mchezo ule, ngazi ya vijana ni kuanzia miaka 13 hadi kabla ya 19, ikihesabiwa tarehe 1 Julai. Hapo katikati ndipo mwili wa binti unapogeuka kuwa wa mwanamke, na mruko wenyewe haumwonei huruma. Anakaa hewani chini ya sekunde moja, na ndani ya muda huo lazima azunguke mara tatu, wengine mara nne. Mwili mwembamba usio na nyonga huzunguka upesi. Mwaka 2018 Alexandra Trusova wa Urusi, akiwa na miaka 13, alitua miruko miwili ya mizunguko minne katika programu moja kwenye ubingwa wa dunia wa vijana, jambo ambalo hakuna mwanamke wa umri wowote aliyekuwa amelifanya. Mtu akitazama vile anaweza kudhani kipaji cha mwisho kinaonekana kwenye miaka 13. Kumbe kinachoonekana ni kipaji kikiwa ndani ya mwili ambao baada ya miaka miwili au mitatu hautakuwepo tena.

Tazama jukwaa la dunia la vijana la mwaka 2017. Wa kwanza Alina Zagitova, wa pili Marin Honda, wa tatu Kaori Sakamoto. Zagitova alichukua dhahabu ya Olimpiki mwaka uliofuata akiwa na miaka 15, akawa bingwa wa dunia 2019, na Desemba ya mwaka huohuo, akiwa na miaka 17, akasimama kushindana. Honda alikuwa ndiye bingwa wa vijana wa 2016; hakuwahi kupanda jukwaa la dunia la wakubwa. Sakamoto, yule wa tatu, alikuwa bingwa wa dunia 2022, 2023 na 2024, tena bila mruko hata mmoja wa mizunguko minne. Nilimtazama mara nyingi sana yule dada. Ana mwendo! Anaingia kwenye mruko kwa kasi ileile anayotoka nayo, na Axel yake, yaani mruko unaoanza akitazama mbele, ya mizunguko miwili na nusu inavuka eneo ambalo wengine hawalifikii. Ana mapaja ya mwanamke mzima, na nguvu yake inatoka humo.

Sisemi kwamba anayeshinda utotoni lazima aanguke. Yuna Kim wa Korea Kusini alikuwa bingwa wa vijana 2006 na bingwa wa Olimpiki 2010. Jirani yetu Faith Kipyegon wa Kenya alishinda mita 1500 za dunia za vijana kule Barcelona mwaka 2012, na bado anatawala akiwa mama. Ila kumtazama binti wa miaka 13 ukatabiri atakuwa yupi kati ya wale watatu wa 2017, huwezi. Kocha naye hawezi, na anayekuambia anaweza, muulize kwa nini anakutaka ulipe kwanza.

Kisha kuna sheria ya umri. Baada ya sakata la Kamila Valieva wa Urusi, aliyekuwa na miaka 15 ilipotangazwa katikati ya Olimpiki ya 2022 kule Beijing kwamba kipimo chake cha Desemba 2021 kilikutwa na dawa iliyokatazwa, shirikisho la kimataifa la mchezo huo lilipandisha umri wa kushindana na wakubwa kutoka 15 hadi 16, na tangu msimu wa 2024/25 ni 17. Matokeo yake ni kwamba Mao Shimada wa Japani, bingwa wa dunia wa vijana 2023, 2024 na 2025, aliyezaliwa Oktoba 2008, aliikosa Olimpiki ya 2026 kwa miezi minne ya kuzaliwa. Mzazi anaweza kuona ni uonevu. Mimi, nikiukumbuka mguu wangu, naona sheria hiyo imewanunulia mabinti muda. Ile haraka ya "akifika 15 amechelewa" imekosa msingi wake.

Nilimwambia mdogo wangu asisome nafasi aliyoshika mtoto, asome karatasi ya alama. Baada ya mashindano makubwa inawekwa wazi, kila mruko na alama yake. Ukiona herufi q pembeni ya mruko, mzunguko umepungua robo kamili. Alama ya < ni zaidi ya robo, na mbili zikifuatana ni nusu au zaidi. Mtoto ambaye miruko yake mitatu kati ya mitano ina alama hizo anaweza kupata medali leo kwa kuwa wenzake wanaanguka, lakini tayari anaishi kwa mkopo. Akiongezeka sentimita sita, deni linadaiwa. Halafu shuka chini kwenye alama za mpangilio wa programu, uwasilishaji na ufundi wa kuteleza. Ufundi wa kuteleza, yaani namna anavyosimama juu ya ukingo wa kile kisu cha kiatu, haupotei mwili ukikua. Mpwa wetu huko ndiko alikokuwa na alama nzuri. Kocha yule mpya hakuligusa hilo hata mara moja; alizungumzia mizunguko tu, na uzito.

Jambo jingine nililipita haraka na pengine sikupaswa: idadi ya nafasi. Kila nchi inapeleka kwenye ubingwa wa dunia wa vijana msichana mmoja hadi watatu. Na kwa kuwa Warusi walizuiwa tangu Machi 2022, nafasi ya tano ya misimu iliyofuata si sawa na nafasi ya tano ya 2019. Anayekuahidi "dunia" anakuahidi kitu ambacho kinategemea mabinti wengine usiowajua.

Kuhusu chakula sina maneno ya kupunguza. Mtu yeyote akimpima binti yako uzito mbele ya wenzake, mwondoe hapo siku hiyohiyo. Mnunulie daftari dogo aandike tarehe za hedhi yake, wewe mama ndiwe umfundishe, usione haya. Ikikatika miezi mitatu, au akifika miaka 15 bila kuanza, mpeleke kwa daktari. Usisubiri msimu uishe. Mwili usiopata chakula cha kutosha hukata hedhi kwanza, halafu unaiba kwenye mifupa. Mimi mama yangu hakuniuliza, na hakuwa mama mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba lile ni jambo la kuuliza.

Hawakuuza. Mpwa wetu alibaki na kocha wake wa zamani, mama mmoja mtulivu. Mwaka uliofuata alirefuka sentimita tisa, akapoteza miruko yote ya mizunguko mitatu, akalia kwenye simu mpaka nikakosa la kumwambia. Nikamtumia habari za Alysa Liu wa Marekani: bingwa wa taifa akiwa na miaka 13, akaacha mchezo akiwa na 16, akarudi kwa hiari yake mwenyewe, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia akiwa na 19. Hakunijibu siku mbili.

Sasa ana miaka 15. Miruko miwili kati ya ile imerudi, ya tatu bado. Juzi ameniuliza, "Mama mkubwa, wewe ulirudi lini kukimbia?" Nikamwambia: nilikuwa na miaka 29, Moshi, kwenye ile nusu marathoni ya Kilimanjaro. Nilitoka na watu alfajiri, sikutazama saa, na mlima ulikuwa wazi. Akaniuliza kama mguu uliuma. Nikamwambia uliuma kidogo pale kwenye mteremko, kisha ukaacha.