Maswali yenu: Alteneta kubwa, waya mwembamba

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nina Land Cruiser ndefu ya utalii, injini ya dizeli 1HZ, mfumo wa volti 12. Ndani kuna friji, redio na soketi za kuchajia kamera za wageni. Betri ya pili ni ya asidi, ampea-saa 100, iko nyuma ya kiti cha mwisho. Nikitoka Arusha friji inafanya kazi vizuri, lakini usiku wa pili nikiwa Seronera, katikati ya Serengeti, inazima. Fundi anataka nitoe alteneta (mtambo unaozungushwa na injini kuchaji betri) ya ampea 80 nifunge ya 150. Ninunue?
— Dereva wa utalii, Njiro, Arusha

JIBU: Usinunue bado, ndugu dereva. Piga kwanza hesabu ya matumizi. Friji ya gari ikiwaka huvuta ampea 4 hivi, na kwa joto la mchana, huku wageni wakifungua mfuniko kila mara, huwaka karibu nusu ya muda. Kwa saa 24 hiyo ni ampea-saa 48. Redio na taa za ndani zipe 8. Jumla 56. Kamera tuziache, mradi zinachajiwa injini ikiwa inawaka. Betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo ya kutumia una 50 tu, na kila siku unatakiwa kurudisha kama 65, maana sehemu ya chaji hupotea ndani ya betri yenyewe.

Je, alteneta ya 80 inaweza? Inaweza. Pampu ya dizeli ya 1HZ ni ya kimakanika, na mchana, bila taa wala kiyoyozi, gari lenyewe linatumia umeme kidogo. Tena betri ya asidi ya ampea-saa 100 hupokea kama ampea 25 ikiwa nusu, kisha hupunguza kadiri inavyojaa. Ukiifungia alteneta ya 150, bado itapokea zilezile 25.

Tunashuku waya. Kutoka mbele hadi nyuma ya gari refu ni kama mita 5, na kurudi mita 5 nyingine. Waya wa shaba wa milimita za mraba 6, ukipitisha ampea 35 za betri na vifaa vyote vya nyuma, hupoteza volti 1 nzima. Alteneta inatoa 14.2, betri ya nyuma inapata 13.2, na kwa volti hizo inajazwa kwa matone. Ukiweka waya wa milimita za mraba 35 upotevu haufiki 0.2.

Pima hivi. Washa injini, iweke kwenye mizunguko 1,500, friji ikiwa inawaka. Soma volti kwenye nguzo kubwa ya alteneta na bodi yake, kisha kwenye nguzo mbili za betri ya nyuma. Tofauti ikizidi 0.3, tatizo liko njiani. Pima pia kati ya hasi ya betri na bodi ya injini. Hapo isizidi 0.1. Mitikisiko ya barabara ya Naabi, lango la Serengeti, hulegeza nati za athi (waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi), na vumbi likichanganyika na kutu linamaliza kazi.

Waya mnene na laini unaopatikana kwa urahisi ni ule wa mashine ya kuchomelea. Vuta chanya na hasi zote mbili, usitegemee chesisi. Chanya iwe na fyuzi ya ampea 100 karibu na kila betri, isizidi sentimita 20, kwa sababu waya huo ukikwaruza bodi bila fyuzi gari linaungua. Katikati weka rilei (swichi inayojiendesha kwa umeme) inayounganisha betri volti zikifika 13.3 na kuachanisha zikishuka 12.8. Na kusimama kutazama simba injini ikisailensa (ikiwaka bila kukanyaga mafuta) hujaza kidogo tu: alteneta inazunguka polepole.

Alteneta ya 150 inakuwa na maana ukiongeza betri nyingine au kiyoyozi. Ukifika hapo, jambo la kwanza ni breki. Kwenye 1HZ pampu ya vakyumu (ya kufyonza hewa) inayosaidia breki iko mgongoni mwa alteneta na inalishwa oili ya injini. Alteneta isiyo na pampu hiyo usiifunge hata kama bei ni nzuri. Badilisha washa za shaba za bomba la oili, mimina oili kidogo ndani ya pampu kabla ya kuwasha, na ujaribu breki gari likiwa limesimama. Mikanda miwili inunuliwe pamoja. Mpya na wa zamani haishiki sawa, mmoja unabeba mzigo wote. Kaza tena baada ya saa chache za kuendesha. Waya wa kwenda betri ya mbele nao ubadilishwe pamoja na fyuzi yake, la sivyo ile ya zamani itaungua siku ya kwanza. Mwisho, ule waya mwembamba wa alama S upeleke kwenye betri ya mbele, ndio unaoiambia regyuleta (kidhibiti cha volti za alteneta) volti halisi.

Betri ya lithiamu usiiunge moja kwa moja. Inavuta kila ilichopewa, na alteneta inayozunguka taratibu kwenye mwendo wa hifadhini haipati upepo wa kutosha wa kujipoza. Weka kati ya betri mbili chaja ya betri kwa betri, inayopunguza mvuto huo, ya ampea 30 au 40.

SWALI: Shikamooni. Hapa gereji tunapima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwaka. Isipozima, alteneta nzima. Ni sahihi?
— Fundi mwanafunzi, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba. Acheni kabisa. Betri ndiyo inayomeza mshtuko wa umeme. Ikichomolewa ghafla volti zinaruka juu sana na kuua diodi (vipande vya alteneta vinavyogeuza umeme wa AC kuwa wa DC), regyuleta, hata kompyuta ya gari. Tena injini ya dizeli ya pampu ya kimakanika inaweza kuendelea kuwaka hata alteneta ikiwa imekufa, hivyo kipimo chenyewe ni cha uongo. Wekeni multimita (kipima umeme) kwenye betri: injini ikizunguka 1,500 isome kati ya 13.8 na 14.5. Washeni taa kubwa na feni. Isishuke chini ya 13.5. Kisha geuzeni multimita isome umeme wa AC palepale. Ikizidi volti 0.5, kuna diodi iliyokufa, na betri inaweza kukutwa haina nguvu asubuhi kwa sababu hiyo tu.